Amina Kabla ya Wakati

Mtu akikutukana, utamjibu. Akikuombea, utamjibu nini?

Hilo ndilo lililotukaba koo mwaka mzima, mimi na mkwe wangu, katika bweni la familia la chuo cha wachungaji. Aliyetukaba alikuwa jirani wa mlango wa pili, mwanafunzi mwenzake mkwe, mtu mzima mwenye mke na mapacha. Watu walimwita Machozi. Si mimi niliyempa jina hilo, nililikuta. Lakini siku ya kwanza nilipomsikia akiomba nikasema aliyempa hakukosea. Alikuwa hajalimaliza hata neno "Baba", sauti imeshapasuka na kitambaa kimeshatoka mfukoni.

Mimi nilikwenda pale kulea. Mwanangu ni fundi umeme, alibaki kazini kwake. Mke wake ndiye aliyeitwa chuoni, na mtoto wao alikuwa bado ananyonya. Mkwe aliniambia, Mama, njoo unishikie mtoto, nami nikafunga mzigo. Nyumbani walitucheka. Walisema fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse majike, tena chumba kimoja chenye kitanda na godoro la chini. Walingoja nirudi kabla mvua haijakatika. Sikurudi. Mkwe wangu ana ulimi mkali na kiburi cha kutosha watu wawili, lakini akisema kitu anakisema mbele yako, na mtu wa namna hiyo unaweza kulala naye chumba kimoja.

Mtoto tulimwita Kiroboto. Ukimweka hapa, unamkuta pale.

Chuo kilikuwa na watu wa mataifa mengi. Korido yetu peke yake, kila mlango na nchi yake. Kijana mmoja wa ng'ambo hakujua kupika kitu ila mayai, asubuhi mayai, jioni mayai, tukamwita Bwana Mayai. Tulielewana kwa Kiswahili, cha kila mtu na pengo lake. Jiko lilikuwa moja la wote, na makabati ya vyakula yalikuwa na kufuli. Niliposhangaa, watu wa Mungu na kufuli, mkwe akaniambia, Mama, hata mbinguni kuna malango.

Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kutumwa na kanisa lao kusomea uchungaji. Wazee wa kanisa walibishana juu yake muda mrefu, na waliokubali walikubali nusu mdomo. Wakamwambia wazi kwamba akirudishwa, hawatatuma tena mwanamke. Na pale chuoni mtu hakurudishwa kwa mitihani tu. Mwisho wa mwaka kulikuwa na kitu walichokiita kikao cha amani. Wote wanaolala chini ya paa moja hukaa sebuleni, na mwalimu mlezi wa bweni humsimamisha mwanafunzi mmoja mmoja na kuwauliza wengine, mlango kwa mlango: unayo amani na huyu? Mlango mmoja ukisema hapana, na kosa likaonekana ni la kweli, mwanafunzi hapandi darasa, anarudi kwao. Walisema mchungaji asiyeweza kukaa na jirani hataweza kukaa na kanisa. Maneno mazuri sana, kama una jirani.

Ugomvi ulianzia darasa la mahubiri. Nilikuwepo, nimekaa kiti cha nyuma kabisa na Kiroboto, maana darasa lile lilikuwa refu na mtoto alikuwa wa kunyonya. Utaratibu wao ni huu: mwanafunzi anapanda mimbarini, anahubiri kama kanisa limejaa, kisha anabaki pale pale amesimama huku wenzake wakimchambua. Kila mmoja lazima aseme kitu kimoja ambacho angekibakisha na kimoja ambacho angekitoa. Anayesema yote yalikuwa mazuri anaambiwa hakusikiliza.

Siku hiyo aliyehubiri alikuwa Machozi. Alihubiri juu ya kondoo aliyepotea, na alianza kulia kondoo hajapotea bado. Wenzake wakamzunguka kwa adabu. Huyu angetoa mfano wa mwisho, yule angefupisha sala. Zamu ya mkwe wangu ilipofika akasema angebakisha kondoo, na angetoa machozi.

"Aliyepotea ni kondoo," akasema, "lakini muda wote tulikuwa tunakutafuta wewe."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akainama kama anayetafuta miwani, na miwani iko usoni. Bwana Mayai, ambaye Kiswahili humfikia kwa kuchelewa, alicheka wa mwisho na kwa sauti kuliko wote. Machozi akatabasamu, akasema asante dada. Nililiona lile tabasamu likifika kwenye meno likaishia hapo. Nikajua tumekwisha.

Jioni nilimwambia mkwe kwamba amemvua nguo mtu mzima hadharani. Akasema ndivyo somo lilivyo. Nikamwambia somo linaisha kengele ikilia, mtu haishi.

Maombi ya bweni yalikuwa kila jioni kabla ya chakula, pale sebuleni, kwenye makochi yaliyobonyea. Kiongozi wa maombi alikuwa Machozi. Na pale chuoni anayeomba haingiliwi, hajibiwi, wala maneno yake hayaulizwi baadaye. Ukimsema mtu jikoni unaitwa msengenyaji. Ukimsema umefumba macho, unaitwa mwombaji.

Alianzia mbali. Baba, wamo waliokuja hapa kutafuta vitabu badala yako. Kesho yake akasogea. Baba, mguse mmoja wetu, ulimi wake umekuwa wembe. Siku zilivyokwenda akafika mlangoni kwetu kabisa. Baba, mkumbuke mtoto mchanga anayeachiwa kikongwe huku mama yake akikimbilia vyeo vya wanaume. Watu wakaitikia, ndiyo Bwana. Kikongwe nilikuwa mimi. Mlezi wa mtoto hafumbi macho, kwa hiyo niliwaona wote walivyoinamisha vichwa, na mkwe wangu katikati yao, taya limemkaza kama anayetafuna mchanga.

Wanasema akutukanaye hakuchagulii tusi. Huyu alichagua, tena alilipangusa kwa kitambaa kabla ya kulirusha.

Na tusi la namna hiyo linafanya kazi. Wenzake wakaanza kumpisha mkwe wangu jikoni kama mgonjwa. Nguo zetu zikawa zinasogezwa kwenye kamba, zinabanwa mwisho kabisa ambako jua halifiki. Mapacha wakaitwa ndani kila Kiroboto alipotambaa kuwafuata. Mama Pacha, mke wa Machozi, mwanamke mpole asiye mwanafunzi, akawa ananisalimia kwa macho tu, na macho yenyewe ya haraka. Wanawake wengine walimshika mkwe mkono koridoni wakamwambia, dada, tunakuombea. Akauliza wanamwombea nini. Wakasema, aa, basi tu.

Alimwendea Machozi mwenyewe. Nilikuwa naanika nepi mlangoni, nikasikia. Akamwambia, kaka, kama nimekukosea niambie. Machozi akamtazama kwa huruma, huruma ile ya mtu anayetazama kuku wa kuchinjwa kesho, akamwambia hana neno lolote naye, yeye anamwachia Mungu. Jioni ile akaomba juu ya wenye mioyo migumu wanaojifanya kutafuta suluhu.

Mkwe akasema basi, naye ataomba zamu ya maombi, ampe yake. Alikuwa ameshayapanga. Alinisomea mawili matatu, na yalikuwa makali kuliko ya Machozi kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nikamkataza. Nikamwambia ukishaingia kwenye tope hilo hakuna atakayejua nani alitangulia kurusha, na kikao cha amani kipo mlangoni. Tukagombana sana, kwa sauti ya chini, mtoto amelala. Nikamwambia avumilie kama mimi.

"Mama," akasema, "subira yako ni ya jiwe. Jiwe halisubiri, limekaa tu."

 Neno hilo lilinikaa rohoni, na siku kadhaa nilimpa chai bila neno.

Wiki ile ile ikatokea ya sufuria. Tulikuwa kwenye maombi, Machozi ameshachanganya, kitambaa kimelowa. Mara harufu ya kuungua ikaingia. Kwanza kidogo, halafu nene, halafu moshi ukaanza kupenya chini ya mlango wa jikoni. Kiroboto alikuwa amelala juu ya mapaja yangu, nami ninawatazama. Pua zote zinacheza, macho yote yamefumbwa. Kila mmoja anajua kuna kitu kinaungua, na kila mmoja anangoja mwenzake awe mwenye dhambi. Maana kumwacha mtu katikati ya maombi, pale kwao, ni kama kumpiga teke altareni. Sijaona mahali pengine ambapo watu wenye akili timamu na vyeti wangekaa waungue kwa heshima.

Nilipoanza kumwinua mtoto, mkwe wangu alikuwa ameshasimama. Alikwenda jikoni bila kunyata. Machozi akasikia kochi likilia, akapandisha sauti. Baba, hata sasa anatoka, mbele ya uso wako anatoka. Watu wakasema, mhurumie. Mkwe akarudi ananuka moshi, akakaa, akafumba macho. Maombi yakaendelea mpaka yakaisha.

Lilikuwa jiko la Machozi. Maharage yake yalikuwa yamegeuka makaa, na kitambaa cha kushikia sufuria kilichoachwa pembeni kilikuwa kimeshashika moto upande mmoja. Mama Pacha akaisugua ile sufuria mpaka ikawa nyeupe. Kesho yake jioni Machozi akamshukuru Mungu kwa kuliepusha bweni na moto, halafu akawaombea wale wanaoukimbia uso wake.

Mkwe alinitazama. Nilielewa. Akanikataza nisije nikaisema ile sufuria mahali popote. Akasema kama ni kwenda nyumbani ataenda, lakini hatajitetea kwa maharage ya mtu.

Kikao kilikuwa asubuhi. Viti viliwekwa duara, na mwalimu mlezi akakaa karibu na dirisha. Alikuwa mtu wa nchi za mbali aliyejifunza Kiswahili vitabuni, akizungumza utadhani anasoma tangazo. Alieleza kanuni upya. Anayesema hana amani alitaje kosa akimtazama aliyekosa. Tena awe alishamwendea na kumweleza, wawili peke yao, kabla ya siku ile.

Mkwe wangu akasimamishwa. Alikuwa amevaa gauni lake la kijivu, na mikono ameifunga nyuma. Mlango wa kwanza, amani ipo. Bwana Mayai akasema amani ipo, na vitunguu pia huwa anampa. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaojua mvua iko wapi. Mlango wa familia nyingine, mume akamtazama mke, mke akatazama zulia, wakasema ipo.

Ikafika kwa Machozi. Akasimama polepole. Akasema jambo lililo moyoni mwake ni zito, hawezi kulitamka kabla ya kulipeleka kwanza kwa Bwana. Akaomba ruhusa aombe.

Mwalimu gani wa chuo cha wachungaji atakataza watu wasiombe? Vichwa vikainama.

Naye akaomba. Aliomba tangu darasa la mahubiri, aliomba kiburi, aliomba mtoto na kikongwe, aliomba jioni ile ya kutoka. Watu wakaanza kuitikia kwa kuguna. Mimi nikawa ninamtazama, na nikaona anakokwenda. Atayamwaga yote huko ndani ya maombi ambako hakuna awezaye kuyajibu. Tukifumbua macho atasema neno moja tu, sina, akae. Hakuna atakayeuliza kosa, kwa kuwa wote watakuwa wameshalisikia. Mkwe wangu atafunga mzigo, na nyuma yake mlango utafungwa kwa wanawake wote wa kanisa lile.

Wanasema subira yavuta heri. Yangu ilikuwa imevuta mpaka imekatika.

Mtu akilia namna ile, lazima afike mahali avute pumzi. Alipoivuta, nikasema Amina.

Sikunong'ona. Nilisema kama anayefunga mlango wa nje jioni.

Na sebule nzima ikaitikia, Amina. Hawakufikiri. Tangu utoto wao mtu akisema Amina wanaitikia, kama ulimi unavyofuata jino. Vichwa vikainuka, watu wakapangusa macho, mmoja akakohoa, mwingine akakaa vizuri kwenye kiti. Machozi alikuwa amebaki na mdomo wazi na mkono hewani.

"Sijamaliza," akasema.

Mwalimu mlezi akanitazama. Mimi nikawa ninamfunga Kiroboto kifungo cha shingoni, ambacho hakikuwa kimefunguka. Kisha akasema kwamba Amina imeshatamkwa na kikao kizima, na kwamba sasa ndugu ajibu swali. Je, unayo amani na dada huyu?

"Sina."

"Taja kosa. Mtazame yeye."

Akamtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu lile darasa. Akakikunja kitambaa, akakikunjua. Akasema alimdhalilisha, alimwambia atoe machozi. Sebuleni, mchana, macho yakiwa wazi, neno lile lilitoka dogo sana. Mtu mmoja upande wa Bwana Mayai akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwalimu akasema hiyo ilikuwa kazi ya darasa na wote waliagizwa, je, kuna lingine? Machozi akasema alitoka katikati ya maombi.

Mwalimu akamgeukia mkwe wangu, akamuuliza alitoka kwa nini. Mkwe akanyamaza. Kiburi chake nakijua, angefukuzwa kinywa chake kimefungwa. Nikafumbua changu, amri yake au si amri yake. Nikatanguliwa.

"Alikwenda kuzima jiko letu," akasema Mama Pacha.

Alikuwa amekaa na pacha mmoja kila upande, anatazama viatu vyao. Akasema harufu aliisikia mapema, na alijua ni lao. Aliogopa kufumbua macho.

Machozi akamgeukia mkewe. Sitaki kueleza alivyomtazama. Mapacha wote wawili walijisogeza kwa mama yao.

Mwalimu mlezi akavua miwani. Akauliza kama ndugu alimwendea dada huyu akamweleza, wawili peke yao, kama kanuni ilivyo.

"Nilimwambia Mungu."

"Na yeye, ulimwambia?"

"Alikuwa anasikia."

"Basi ulikuwa unamwambia yeye," akasema mwalimu, na hicho ndicho Kiswahili cha kwanza cha kawaida nilichokisikia kutoka kinywani mwake. Akasema ile hapana yake haina miguu. Dada anapanda darasa. Akamwambia mkwe wangu akae, na kwa zamu, akamsimamisha Machozi.

Hilo nilikuwa nimelisahau. Naye ni mwanafunzi, naye alitakiwa aulizwe.

Milango ikasema amani ipo, amani ipo, haraka haraka, kama watu wanaotaka kwenda zao. Ikafika kwetu. Mkwe wangu akasimama. Kosa lilikuwepo, la kweli, na duara zima lililisikia kila jioni. Na yeye alishamwendea, koridoni, mbele ya nepi zangu. Machozi alijua. Sasa kitambaa hakikusaidia kitu. Mama Pacha aliwashika wanawe mikono, maana mume akirudishwa, na wao wanarudi.

"Amani sina," akasema mkwe.

Akamwambia usoni yote, bila kupandisha sauti: ulimi, wembe, vyeo vya wanaume, kikongwe. Alipofika kwa kikongwe alikaza zaidi kidogo, na mimi ndipo nikajua jiwe nalo huwa linaonekana. Halafu akamgeukia mwalimu.

"Lakini apande. Sitamrudisha mtu na watoto wake. Ila akiniombea tena, aombe amefumbua macho."

Hawakupeana mikono. Hakuna aliyependekeza.

Chumbani mkwe alinigeukia kabla sijakaa. Akasema nimewakatia watu maombi, nimemwaibisha mbele ya mwalimu, na mwalimu mwenyewe ameshamtuma aniambie nisirudie. Nikamwambia mimi niliitikia tu. Akasema, Mama, huwezi kuitikia kitu kabla hakijaisha. Nikamwambia mbona wote waliweza. Akatoka na ndoo ya nguo, na koridoni nikamsikia anacheka peke yake, kisha akaacha.

Kesho yake Machozi alihamisha kabati lao la jikoni ukuta wa pili. Mama Pacha ndiye aliyelisukuma. Salamu yangu hakuijibu hata kwa macho, na simlaumu. Alilipa alilolipa kwa neno moja, na aliyefaidika nalo si yeye.

Jioni tukakutana sebuleni kama kawaida. Machozi akasimama mbele. Watu wakainamisha vichwa, wakafumba. Mkwe wangu naye akafumba, na taya lake lilikuwa limelegea kama la mtu aliyefika kitandani.

Tuliobaki macho wazi tulikuwa watatu: Machozi, mimi, na Kiroboto, aliyekuwa amesimama kwa kushika goti langu. Machozi alinitazama mimi moja kwa moja. Chuki yote ilikuwepo pale, kavu, haina pa kujifutia. Nami nikamtazama. Akasema, Baba, tunakushukuru kwa chakula. Akangoja, nadhani aone kama nitathubutu. Sikuthubutu. Niliketi nikasubiri, kazi ninayoiweza.

Akasema Amina mwenyewe. Nikaitikia, kwa adabu, pamoja na wengine.